Mama Mhesabu Mabuu

Fundi wa maabara huhesabu mabuu ya konokono wa kilindi cha bahari akiwa ameinamia hadubini, kidole gumba kwenye kidude cha kuhesabia, mdomo ukiwasimanga. "Mama yenu kawamwaga gizani akaenda zake," huwaambia, "nanyi mkaelea miezi kumi mkitafuta jiwe la kuishi. Hamna mifupa, hamna cheti, na hamkumlilia mtu." Wenzake wanajua anayesemwa ni nani: mwanawe wa miaka thelathini na moja, msomi wa digrii mbili, anayempigia simu kila mchana kuuliza chumvi iko wapi. "Ipo palepale ilipokuwa jana, mheshimiwa," hujibu, na hesabu haimpotei.

Leo simu imelia asubuhi, kabla hajaanza kazi. Kwa kuwa ameshavaa glavu, ameiweka kwenye spika, wote wakasikia: kijana amepata kazi, mji wa mbali, safari ya siku mbili, na anatakiwa Jumatatu. Maabara nzima imepiga vigelegele isipokuwa yeye.

"Jumatatu hii hii? Wana haraka gani hao watu? Na nguo atakufulia nani, baba?"

Kisha ameinamia hadubini akaanza kubofya, moja, mbili, mpaka arobaini, na taa ya hadubini bado haijawashwa.