Mzee Aliyekaa Juu ya Boneti

Sitaki kubishana na mtu. Ukitaka kuamini, amini, usipotaka, acha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, ilikuwa saa kumi jioni, kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ndizi.

Mke wangu Adera alishikwa na uchungu akiwa nyumbani kwa mama yake, kijijini Keza, wiki mbili kabla ya siku tuliyoambiwa kliniki. Mimi ni Msukuma, nilikuja huku Ngara kufuata mashamba, na wakati huo nilikuwa na gari dogo nililonunua Mwanza kwa kijana mmoja aliyelifunga turbo. Lina nguvu kuliko umbo lake, na nguvu yote inakwenda kwenye tairi za mbele. Za nyuma zinafuata tu. Kwenye lami kavu ni raha. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, niamini, ni balaa.

Tulimlaza Adera kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, tukaondoka na mvua. Kuna kilima kimoja kabla hujaikuta barabara kubwa. Tulipofika katikati, tairi zikaanza kuteleza. Nikakanyaga mafuta. Hapo zikaanza kudunda: zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia, du-du-du-du, usukani unanipiga mikono, gari zima linatetemeka kama lina homa. Adera akalia. Na mimi nikakanyaga zaidi. Wewe ungefanya nini, mkeo anataka kujifungulia nyuma yako? Sikukumbuka kwamba gari likipanda, uzito unarudi nyuma, na watu wangu wote walikuwa huko nyuma. Zile tairi zinazovuta hazikuwa na kitu cha kuzikandamiza.

Ndipo nikamwona mzee. Alitoka kwenye migomba, peku, mwembamba, amevaa koti la kijivu lililomzidi.

"Ondoa mguu," akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Sijui niliisikiaje kwenye mvua ile. Nikamfokea apishe, asije akagongwa. Hakukasirika. Akapanda, akakaa juu ya boneti upande wa kushoto, kama mtu anayekaa kwenye benchi mlangoni kwake.

Gari likainama mbele. Mzee mwembamba vile, lakini lilishuka kana kwamba limepakiwa magunia mawili ya maharage. Nikaondoa mguu, nikakanyaga upya, taratibu. Kudunda kukaisha. Tukaanza kupanda.

Mama mkwe alikuwa ameshusha kioo. Alikuwa akiongea na yule mzee kwa Kihangaza, ambacho mimi nasikia cha kusalimiana tu, na mzee akawa anajibu bila kugeuka, mabega yakitikisika kwa kicheko. Waliongea hivyo kilima kizima, kama watu wanaotoka sokoni pamoja.

Juu kwenye tambarare nikasimama ili nimshukuru. Hakuwepo. Sikumwona akishuka. Nikatoka, nikazunguka gari. Kwenye matope kulikuwa na nyayo zangu tu. Mvua inanyesha, lakini pale alipokaa palikuwa pakavu, na bati ambalo lingeniunguza kwa joto la injini lilikuwa baridi kama mtungi.

"Twende, mwanangu," mama akasema. "Amesema tusichelewe."

Adera alijifungua mtoto wa kike muda mfupi baada ya kufika hospitali. Wote wazima. Tukiwa kwenye benchi nje ya wodi, ndipo mama aliponiambia kwamba yule ni mume wake. Alimwoa yeye mwenyewe akiwa tayari na mvi, akaugua akafariki Adera akiwa bado ananyonya. Enzi zake, msimu wa mvua, alikuwa akisaidia magari yaliyokwama kwenye kilima kile. Makubwa aliyasukuma. Madogo aliyakalia.

Nikamuuliza walikuwa wakiongea nini.

"Ameniambia nimezeeka," akasema. "Nikamwambia, wewe utazeekaje, na watoto umeniachia mimi."

Akacheka, akajifuta macho kwa kitenge.

Huu ni mwaka wa nne. Gari bado ninalo, na nimejifunza kuliendesha. Pale sikwami tena, hata mvua iweje. Tukipita, mama mkwe hushusha kioo, analowa, macho kwenye migomba. Masika yaliyopita alinigusa bega. "Mwanangu, kanyaga kidogo." Nilimwelewa. Nikakanyaga, tairi zikadunda, tukasubiri. Hakuja mtu. Akanigusa tena, nikaondoa mguu, tukapanda.

Sasa wewe mwenye gari linalovuta kwa mbele, sikiliza. Tairi zikianza kudunda, usishindane nazo, utavunja ekseli. Na akitokea mtu usiyemjua kwenye mvua, usimfokee kama mimi. Yule alikuwa baba mkwe wangu, na hata shikamoo sikumpa. Msalimie kwanza. Huenda kwenye kiti cha nyuma kuna mtu aliyemsubiri miaka mingi.