Mawimbi ya Kichwa cha Bibi

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi kiwewe kinavyovuruga mawasiliano ndani ya ubongo. Gesi ilipogunduliwa kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na watu wakaambiwa watahamishwa, nilirudi na mashine yangu ya kupima mawimbi ya ubongo. Wa kwanza kupimwa alikuwa bibi yangu. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, tangu utotoni yeye ananiita mume wangu, nami namwita mke wangu.

Siku hiyo, kwa kuwa profesa wangu alikuwepo, nilivaa koti jeupe na sauti ya kidaktari. Nilimvika bibi kofia ya nyaya nikasema, "Pole, mama. Fikiria shamba lako."

Mawimbi yakapaa kwenye kompyuta. "Pole sana, mama." Yakapaa zaidi! Machozi yakanilengalenga. "Profesa, hilo ndilo jeraha lenyewe!"

Profesa alikuwa akimtazama bibi. "Mbona amekaza taya?"

Taya likikazwa, mashine husoma misuli, si ubongo. Hilo nawafundisha wanafunzi siku ya kwanza.

Bibi akaangua kicheko, kofia ikamdondoka. "Shamba nimeshalililia, mume wangu. Hapa nilikuwa nabana meno nisikucheke mbele ya mgeni. Tangu lini mkeo ukamwita mama?"