Mwalimu Mushagalusa na Mnyama wa Amerika

Bagira yote, mtaa wetu wa Bukavu, ilimwita Diksyonere. Jina lake la karatasi lilikuwa Mushagalusa. Lile la ubatizo, Ignace, serikali ililifuta mwaka ule wa kufuta majina ya kizungu. Hili la Diksyonere watu walimpa kwa sababu ya kamusi ya Kifaransa aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ubelgiji. Kitabu kinene, bila jalada, na mwalimu alikibeba kwapani hata akienda misa. Ukimuuliza neno, anajibu. Asipolijua, anajibu vilevile, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa.

Siku moja, mwaka wa sabini na sita, aliwachorea watoto wa sixième, darasa la sita, mnyama wa Amerika aitwaye tatou. Alimchora vizuri, jamani, ukanda kwa ukanda, masikio yamesimama. Akawaeleza kwamba Wahispania walimwita armadillo, kwa kuwa walimwona amevaa vyuma kama askari wao. Wajerumani wakamwita mnyama wa mikanda. Na Waazteki, wenye nchi yao, wakamwita kobe-sungura. Jina la tatou lenyewe lilitoka kwa wenyeji wa Brazili. Watoto midomo wazi! Angeishia hapo, angelala na heshima yake. Lakini sifa ni tamu.

"Na sisi," akasema, "tunamuita kakakuona. Iko mingi mule mu pori ya Kahuzi."

Muzee Birindwa, mfagiaji wa shule, alikuwa mlangoni na ufagio wake. Ujana wake wote aliumaliza akitega mitego katika pori hilohilo.

"Pole, mwalimu," akasema taratibu. "Huyu haiko kakakuona. Kakakuona masikio yake haionekane, na magamba yake inalaliana kama mabati ya nyumba. Huyu, miye sijamuonaka."

Kuuliza si ujinga, lakini nenda ukamwambie Diksyonere!

"Muzee, kuandika jina yako yenyewe hujue, unatiaka kidole tu. Ni wewe utanifundisha?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Na hata hiyo haikumtosha. Alikwenda kwa mkubwa wa shule akalalamika kwamba mfagiaji anamvunjia heshima mbele ya wanafunzi. Juma halikwisha, muzee akafukuzwa kazi.

Wiki mbili baadaye, akitafuta neno jingine kwenye herufi P, mwalimu alikutana na picha: pangolin, mnyama wa Afrika. Magamba yamelaliana. Masikio, hakuna. Alikifunga kitabu upesi, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mama mkwe anaoga. Aibu ilimshika hadi chakula kikamshinda, mkewe akadhani ni malaria.

Jumapili alichukua dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, maana kwetu Bashi huendi kuomba msamaha kwa mzee mikono mitupu. Birindwa alimpokea vizuri, akampa kiti, wakanywa pamoja.

"Nimekunywa, mwanangu, moyoni sina kitu," akasema muzee. "Lakini hapa tuko na muke wangu tu, na yeye hakunichekaka. Kaseme kule walinichekea. Watoto wananiitaka muongo mu barabara, na kwa kazi hawatanirudisha bila wewe kusema."

"Nitasema, papa. Kesho asubuhi."

Alimaanisha, wallahi alimaanisha. Njia nzima alirudi akiyapanga maneno. Kesho yake, bendera ikishapandishwa, akasimama darasani mbele ya nyuso arobaini.

"Ile somo ya tatou," akasema, "haitakuwa mu examen. Muifute mu daftari."

Watoto wakafuta. Nsimire, msichana wa benchi la mbele, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, basi muzee Birindwa alisema kweli?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, ndiyo, hata mtoto anayenyonya analijua.

"Kaa chini," akasema Diksyonere, akageukia ubao ili wasimwone uso.