Mchora mabango aliyehamia kwenye kurasa

Saa mbili na nusu asubuhi. Brashi anainuka kitini, anarudi kinyumenyume mpaka mgongo wake unagusa mlango, kisha anafumba jicho moja na kuitazama kompyuta aliyoiacha mezani.

"Hapo bado," anasema. "Mtu anapita na haraka zake, ataona nini?"

Anarudi mezani, anakuza herufi za kichwa cha ukurasa, anainuka na kurudi tena mlangoni. Safari hii anaridhika. Mkewe, anayeanika nguo uani, ameshazoea kuuona mgongo huo ukijitokeza mlangoni kila mara.

"Mwache tu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Huyo hata akimwandikia mtu ujumbe wa pole, lazima aiweke simu dirishani arudi nyuma aitazame."

Brashi ana miaka hamsini na minane. Zaidi ya nusu ya umri huo aliutumia juu ya ngazi, akichora kwa mkono mabango ya vinyozi, mafundi saa, wauza vipuri na shule za chekechea. Jina la Brashi alipewa mtaani, na sasa hata wanawe hulitumia wakitaka kumtania. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na ngazi yake ikabaki imeegemea ukuta wa nyuma, kuku wakiipanda.

"Hakuna aliyenifukuza," anasema. "Kazi iliniaga polepole. Mwaka huu wateja kumi, mwaka ujao wanne, mwisho anabaki mmoja, naye anataka nimchoree bure kwa sababu nilisoma na kaka yake."

Aliyemtoa kwenye huzuni hiyo ni binti yake mkubwa, karani wa hospitali. Alimletea kompyuta iliyotumika na kumwonyesha programu ya kujengea tovuti, ile ambayo haidai mtu ajue lugha za kompyuta. Unachagua umbo, unaburuta picha, unaandika maneno, unaongeza ukurasa. Binti alifikiri baba atapata cha kuchezea mpaka achoke.

Hakuchoka. Leo anahudumia tovuti kumi na tisa za mafundi na wachuuzi, karibu wote watu ambao zamani aliwachorea mabango. Kipato, anasema, kimerudi karibu na kile cha miaka yake mizuri, tofauti ni kwamba sasa magoti hayaumi.

Anafanyia kazi kwenye chumba kilichokuwa stoo ya rangi. Makopo bado yamepangwa rafuni, harufu ya rangi ya mafuta haijatoka, na karibu na kipanya kuna mkebe uliojaa brashi safi ambazo hakuna aliyemwomba azisafishe.

Utaratibu wake ni wa aina yake. Kabla ya kuwasha kompyuta, huenda kwenye duka la mteja, akasimama ng'ambo ya barabara, akatazama watu wanavyoingia na kusikiliza wanachouliza. Swali linaloulizwa na wengi ndilo linalokuwa ukurasa wa mwanzo. Yanayofuata yanapewa kurasa zao kwenye menyu, kila moja kwa jina la neno moja au mawili. Ukurasa ambao msimu wake umepita haufuti, anauficha tu kwenye menyu mpaka siku zake zirudi.

"Watu husema kizuri chajiuza," anasema huku akiburuta ukurasa mmoja juu ya mwingine ili upangike vizuri. "Huo msemo naona aliutunga mtu asiyelipa kodi ya duka. Mimi nawaambia wateja wangu, biashara matangazo."

Ameshajikwaa pia. Kuna wakati alinakili ukurasa wa kinyozi ili autumie kwa fundi wa pampu za maji, akabadilisha picha, akabadilisha jina, akasahau mstari wa chini. Kwa wiki nzima fundi pampu akawa anatangaza kuwa ananyoa na ndevu.

"Alikuja hapa amekunja uso," anakumbuka mkewe. "Nikajua leo tunapigwa. Kumbe wateja wawili walimpigia simu kumtania, mmoja akamletea pampu. Akaondoka anacheka."

Asubuhi hii Brashi anaongeza ukurasa kwenye tovuti anayoipenda kuliko zote, ya rafiki yake fundi viatu. Fundi huyu hushona viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Hupima, huchonga soli, huinua upande mmoja mpaka mwenye viatu asimame wima. Zamani alijulikana mitaa mitatu tu. Tangu Brashi amjengee kurasa, watu wanamfuata kutoka miji ya mbali.

Wiki iliyopita jengo alimokuwa lilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, naye amehamia nyuma ya soko. Kuhama kulimtia hofu. Mteja wake akitoka mbali, tena kwa mguu unaomsumbua, akafika akakuta kifusi, atamtafutia wapi? Brashi alimtuliza kuwa ukurasa wa "Tulipo" ungebadilishwa siku ile ile, na akaubadilisha.

"Halafu alivyo na kichwa kigumu," anaingilia mkewe, "akabeba kopo la rangi nyekundu akaenda kuchora mshale kule kule kwenye jengo. Nikamuuliza, baba watoto, nani anapaka rangi ukuta wa kubomolewa?"

"Ule ukuta wa nyuma ni wa jirani, haubomolewi," Brashi anajitetea. "Na mkono ulikuwa unaniwasha."

Fundi viatu mwenyewe alimcheka na kumwambia mambo ya ukutani yamepitwa na wakati. Brashi naye akacheka, lakini alimaliza mshale wake.

Leo, anaeleza, ni siku kubwa kwa rafiki yake. Kuna mwanamke kijana anayekuja kwa basi kuchukua viatu vyake vya kwanza vya namna hii. Keshokutwa anaanza kazi ya mapokezi hotelini, kazi ya kusimama kutwa nzima, na basi lake la kurudi linaondoka saa nane mchana. Njia ameipata kwenye tovuti.

"Fungua hapo kwenye simu yako," Brashi anamwambia mwandishi kwa fahari. "Ingia kwenye Tulipo, uone nilivyoeleza vizuri."

Mwandishi anafungua. Maelezo ni mazuri kweli, mafupi, yanaeleweka. Tatizo ni kwamba ni ya mahali pa zamani.

Brashi anaichukua simu, anaitazama kwa karibu, anainyoosha mbali, anaitazama tena. Kisha anaigeukia kompyuta yake. Kwenye kompyuta, ukurasa unasema nyuma ya soko, mlango wa kijani. Kwenye simu, jengo lililobomolewa.

"Mama yangu," anasema taratibu, na kukaa.

Kosa linajulikana baada ya muda mfupi, na ni kosa ambalo labda mchora mabango peke yake angelifanya. Programu hii ina vitufe viwili. Kimoja huhifadhi mabadiliko, kingine huyachapisha ili dunia iyaone. Anapoongeza ukurasa mpya, Brashi hukumbuka kuchapisha, kwa sababu anauhesabu kuwa bango jipya la kutundikwa. Lakini hii ilikuwa kazi ya kusahihisha maneno mawili matatu kwenye ukurasa ambao tayari uko hewani. Alihifadhi, akarudi mpaka mlangoni, akaona panasomeka, akafunga kompyuta na kwenda zake.

"Bango likishakuwa juu," anasema, macho yakiwa mezani, "ukipanda ngazi ukafuta neno ukaandika jingine, aliye chini analiona hapo hapo. Rangi haingoji ruhusa. Nimekagua kwa macho yangu mwenyewe, kumbe nilikuwa natazama bango lililo ndani ya stoo."

Anabonyeza "Chapisha". Simu ya mwandishi sasa inaonyesha mlango wa kijani. Lakini mgeni wa fundi viatu alianza safari yake alfajiri.

Brashi anampigia rafiki yake. Simu inaita mpaka inakata. Fundi viatu akiwa kwenye cherehani huitupa simu kwenye droo pamoja na gundi, na namba ya mgeni anayo yeye peke yake. Brashi anapiga tena, kisha anaacha, anavaa kandambili za kwanza anazozikuta, ambazo ni za mkewe.

"Usiende na hizo," mkewe anasema.

Ameshatoka.

Ni mwendo wa kuvuka mitaa miwili mikubwa, na mzee huyu anatembea kwa kasi ambayo mwandishi anaifuata kwa shida.  "Mtu mwenye mguu unaouma," anasema, "nimemtembeza bure." 

Kwenye jengo la zamani kuna kifusi, trekta lililozimwa na vijana wawili wanaochagua matofali mazima. Hakuna mwanamke. Nyuma ya kifusi, ukuta wa jirani umesimama vilevile, umefunuliwa wote sasa kwa kuwa hakuna nyumba mbele yake. Na juu yake, mshale mwekundu, mrefu kama mlango uliolazwa, na maneno: FUNDI VIATU YUPO NYUMA YA SOKO, MLANGO WA KIJANI.

Brashi anawauliza vijana kama wamemwona mwanamke anayechechemea. Mmoja anasema ndiyo, alikuwa amesimama hapo na begi, ameishika simu anaigeuzageuza, alionekana kama mtu anayetaka kulia.

"Kisha?"

"Kisha akainua kichwa," kijana anasema. "Akaondoka."

"Akaelekea wapi?"

Kijana ananyoosha kidole upande ule ule wa mshale.

Nyuma ya soko, ndani ya mlango wa kijani, fundi viatu amepiga goti sakafuni akifunga kamba za kiatu cheusi. Mbele yake, kwenye stuli, yupo huyo mwanamke. Begi liko miguuni. Brashi anasimama mlangoni akihema, na kwa muda hakuna anayemtambua kwa sababu ya zile kandambili zenye maua.

"Mwenzangu, umekuja kuviona?" fundi viatu anauliza. "Na hivyo ulivyovaa miguuni ni vya nani?"

Brashi anampita. Anamwendea mwanamke na kumwambia moja kwa moja kuwa kosa la njia ni lake, kwamba yeye ndiye mwenye ule ukurasa, na kwamba anaomba radhi.

Mwanamke anamtazama. "Nilifika nikakuta mawe, baba," anasema. "Simu nayo ikaishiwa chaji pale pale. Nikasema basi, nimetapeliwa, narudi nyumbani na kiatu changu hiki cha kuburuta. Ndipo nikauona ule mshale. Huo nao ni wa nani?"

Fundi viatu anacheka kwa kelele mpaka anashika meza. "Wake," anasema. "Nami nilimwambia anaharibu rangi bure."

"Basi tumelipana," mwanamke anamwambia Brashi. "Ulinipoteza, ukanipata."

Kisha anasimama. Anasimama kwa miguu yote miwili, mabega yakiwa sawa, na anabaki hivyo bila kushika chochote, akiitazama picha yake kwenye kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi.  Brashi anageukia pembeni na kujifuta uso kwa kiganja.

Mwanamke aliwahi basi lake. Fundi viatu alimsindikiza mwenyewe mpaka kituoni, akiwa na simu mfukoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alasiri, nyumbani, mkewe amesikia habari yote kabla hata Brashi hajafika, kama kawaida ya mtaa. Anampokea na chai na methali.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," anasema. "Sikukwambia?"

"Hukuniambia. Uliniuliza nani anapaka rangi ukuta wa kubomolewa."

"Haya, kunywa chai. Na kandambili zangu ziko wapi?"

Brashi anacheka, kicheko cha mtu aliyepona. Tayari ana mpango, na anaueleza huku akishusha makopo rafuni. Kuanzia sasa, kila mteja anayemjengea kurasa atachorewa pia bango moja kwa mkono mahali alipo, hata kama ni dogo, hata kama ni mshale tu. Ngazi ataipaka mafuta. Binti yake atamfundisha jinsi ya kufungua kila ukurasa kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kusema kazi imekwisha. Na mwakani, Mungu akipenda, angependa kuwachukua vijana wawili na kuwafundisha mikono yote miwili, wa kipanya na wa brashi.

"Watu wanatoka mbali," anasema. "Wanatuamini kwa maneno mawili matatu kwenye kioo cha simu. Si vizuri kuwaacha kwenye kifusi."

Anachovya brashi kwenye rangi nyekundu. Juu ya meza ya kompyuta, kwenye ukuta mweupe, anaandika neno moja kwa herufi zile zile zilizompa jina mtaani, kubwa, zilizonyooka, na alama ya kuuliza mwishoni: UMECHAPISHA?

Kisha anarudi kinyumenyume mpaka mgongo wake unagusa mlango, anafumba jicho moja, na kutazama.

"Panasomeka," anasema mkewe kutoka uani, bila hata kuingia.