Utupa Nilioung'oa Titye

Mdogo wangu amezikwa katika bustani ya mboga ya mama, nyuma ya nyumba yetu kijijini Titye. Alikufa kabla hajaota jino wala kubatizwa, nami nilikuwa na miaka mitano. Kwa desturi ya kwetu, mtoto wa umri huo alizikwa na wanawake, karibu na nyumba, bila msalaba na bila matanga. Bibi mzaa baba alishika jembe, mama akambeba mtoto. Wanaume walibaki mbele ya nyumba wakizungumza habari za maharage, na mimi nikabaki nao, nikiona fahari kuhesabiwa mwanamume.

Baada ya hapo hakuna aliyemtaja. Kaburi la mtoto kama huyo halionyeshwi, hata kwa watu wa nyumba ile. Mama ndiye ajuaye, na inatosha. Nilijua mdogo wangu yumo bustanini, lakini ni wapi hasa, nilijijibu mwenyewe. Jioni mama alizoea kusimama chini ya mgomba ulio kando ya bafu, mikono kifuani, kimya. Nikaamua yuko pale. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiupitia mbali mgomba ule.

Siku hizi mimi ni mwalimu Kibondo, na mama anakaa peke yake. Alitoka Burundi akiwa msichana, akaishi kambini kwa wakimbizi, baba akamwoa kutoka huko. Ukimuuliza ardhi yake iko wapi, atakuonyesha bustani ile na si zaidi. Panya wa juu anawamudu: ana paka, na mahindi ya mbegu huyaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Anayemnyima raha ni fuko, panya wa chini ya ardhi. Fuko huvuta karoti kwa chini na kukuachia majani yamesimama, na popote apitapo huutoa udongo wa chini akauweka juu. Siku tuliyomzika baba, mama alinitajia mdogo wangu kwa mara ya kwanza.

"Baba yako amefunikwa na saruji," alisema. "Mdogo wako hana kitu. Fuko asimfikie."

Nikaahidi. Kuahidi ni rahisi kwa mtu anayerudi Kibondo kesho yake.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuta marundo mabichi ya udongo kati ya matuta ya karoti, moja baada ya jingine, yakielekea mgombani. Bwana shamba aliwahi kufika shuleni kwetu akatufundisha kwamba fuko hapatani na utupa: twanga majani na mizizi, jaza kwenye njia zake, atahama. Na utupa ulikuwepo, kichaka kimoja tu, kwenye kona ya uzio. Ukizeeka, mama huotesha mwingine palepale. Kwa nini pale tu, na kwa nini mmoja, sikujiuliza. Kuuliza si ujinga; maneno hayo nimeyaandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu.

Jumapili, mama akiwa kanisani, niliung'oa. Ulikataa, nikauzungushia jembe, nikauvuta kwa miguu na mgongo mpaka ukaachia. Katikati ya mizizi kulikuwa na uzi wa sweta uliojisokota, rangi ya njano iliyofifia. Nikauchomoa, nikautupa kwenye takataka nilizokuwa nimeziwasha moto. Nikasawazisha kona yote, nikapanda miche ya kabichi ili mama akirudi akute jambo jipya. Kisha nikatwanga utupa na kuujaza kwenye kila tundu la fuko, nikijisifu moyoni.

Mama alirudi, Biblia mkononi, akapita moja kwa moja hadi konani. Akauliza utupa uko wapi. Nikamwambia nimeutwanga, na kwamba sasa fuko hatafika mgombani kwa mdogo wangu. Aliutazama mgomba, akanitazama mimi. Akakaa chini kwenye udongo uliolowa, na kitenge chake cha kanisani.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "pale nilikuwa nasimama tu. Ili nisimkanyage."

Nilikwenda kwenye moto nikachakura majivu kwa kijiti, nikasema natafuta kisu. Ule uzi sijamwambia mpaka leo. Najua sweta za watoto wachanga za huku kwetu kwenye baridi, najua nani alikuwa akizifuma nyumbani, na nikikaa darasani wanafunzi wakiandika kimya, mara nyingine nauhisi katikati ya vidole.

Fuko hakufa. Aliziba njia nilizojaza, akaziacha karoti, akageukia upande ambao haukuwa na utupa tena. Kufikia Jumatano kona yote ilikuwa marundo, kabichi zimelala, na mvua ikashuka juu yake. Mama alipita kati ya matuta akiinama, akigusa udongo hapa na pale. Aliniuliza shina lilikuwa wapi hasa. Nikasimama mahali, nikasogea hatua, nikarudi. Aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona popote pengine.

Alhamisi asubuhi nikatega. Nilipinda fito, nikafunga kamba, nikashusha kitanzi ndani ya njia yake mbichi, kama baba alivyonifundisha. Nilitaka nimuue kwa mkono wangu, nimwonyeshe mama. Nilipokwenda kunawa na kurudi, fito ilikuwa imesimama wima na kamba imekatwa. Mama alikuwa amechuchumaa pembeni, kisu cha jikoni mkononi. Nikamuuliza kwa nini, si yeye aliyesema fuko asimfikie?

"Ameshamfikia," alisema, bila hasira yoyote. "Mimi sijui tena alipo, na wewe hujui. Anayejua ni huyo. Usimuue."

Karoti sasa tunanunua sokoni Kasulu. Kila likizo nikifika, jambo la kwanza asubuhi ni kwenda konani kusawazisha marundo mapya, kabla mama hajaamka. Situmii jembe. Natumia mikono, polepole, nikiogopa nitakachokigusa, na nikiogopa zaidi kutogusa kitu.