Mpira Ambao Orville Hakuuona

Kwa miaka arobaini na miwili Orville Stenmark aliandika habari za besiboli katika gazeti la mji wa Duluth, Marekani, na miaka thelathini na mmoja ya mwisho hakukaa raha. Wasomaji walimsifu kwa jicho la mwewe. Kila wakimsifu, aligeuza mazungumzo.

"Tulia basi, mume wangu," mkewe Inga alimwambia asubuhi ya kuandika makala ya kuaga kazi. "Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Orville akachukua kofia, akaenda kwa Emmett Pruitt, muuza chambo kando ya ziwa.

Zamani Emmett alikuwa mrushaji wa mpira katika besiboli. Mwaka 1974 alibakiza wapigaji wawili tu amalize mchezo bila yeyote kumpata kwa pigo safi, jambo ambalo warushaji wengi huzeeka bila kulionja. Mpira mmoja uliopigwa ukampita mlinzi, na mpigaji akafika kituo cha kwanza. Je, lilikuwa pigo safi, au kosa la mlinzi aliyepaswa kuudaka, ambalo lisingeiharibu rekodi ya Emmett? Siku hizo mwamuzi wa hilo alikuwa mwandishi wa gazeti. Orville akaandika: pigo safi. Sifa ya Emmett ikafutika, na timu kubwa hazikumwita kamwe.

"Emmett," alisema sasa, akikataa kiti, "ule mpira sikuuona."

Emmett akaacha kuhesabu minyoo. "Hukuuona? Macho yalikuwa wapi, bwana? Kwa mke wa mtu?"

"Kwenye taipureta. Nilishaanza kuandika ushindi wako. Nainua kichwa, mpigaji kashafika kituoni. Nikaona haya kuwauliza wenzangu."

Kuuliza si ujinga, lakini mwandishi yuko radhi afe kuliko kumuuliza mwandishi mwenzake.

Emmett akaweka minyoo chini. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani uliandika vile kwa sababu mimi ni mweusi."

Orville hakuwahi kuliwaza hilo. Akatoa kwenye pochi karatasi iliyogeuka manjano, ile aliyoianza siku ya mchezo: "Leo Emmett Pruitt amewanyamazisha wote na..." Iliishia hapo.

Emmett aliisoma mara mbili, kisha akamsukumia penseli yake ya dukani.

"Imalizie. Itoke kesho, na useme ulikuwa unatazama wapi."

"Watanicheka, Emmett. Jina langu lote litakwenda na maji."

"Langu lilikwenda nikiwa na miaka ishirini na minne."

Orville akavuta kile kiti, akakaa.