Kifo cha Kumi cha Madame Helju

Harufu ya nywele za bandia zikichovywa kwenye maji ya moto ndiyo harufu ya mwaka niliotimiza miaka kumi. Saluni ya mama, pale Sydenham, Durban, ilikuwa na viti vitatu na kioo chenye ufa, na kila Ijumaa mchana kiti cha dirishani kilikuwa cha Madame Helju, bibi wa Kiestonia ambaye nywele zake nyeupe mama alizisokota kwenye rola kwa uangalifu kama anashika mayai. Madame hakuwa na pa kwenda. Alisema tu kwamba mwigizaji lazima awe tayari, wakimwita. Alianza jukwaani kwao akiwa na miaka kumi na tano, akiigiza bata. Baadaye akaingia kwenye filamu, na huko akafa mara tisa: kwa risasi, kwa sumu, mara mbili kwa mapenzi. Kisha mumewe, fundi wa meli, akamleta Durban, na kwa lafudhi yake ile hakuna aliyempa hata nafasi ya kufa. Miaka ishirini bila jukwaa.

Mama akamtafutia nafasi ya dakika kumi za kuigiza kanisani kwetu, kanisa la Wakongo pale Cato Manor, na mkalimani wa Kiswahili nikawa mimi. Ukalimani wa kwetu hauna kupumua: mgeni akisema sentensi unaidaka papo hapo, akipaza sauti unapaza. “Usiongeze chumvi yako,” mama alinionya. Nikaongeza. Madame aliposema kwa Kiingereza kwamba amekufa mara tisa, nikatangaza, “Na mara tisa akafufuka!” Kanisa likalipuka: “Amina!”

Yeye hakucheka. Akaanza kuigiza kwa Kiestonia mama anayemuaga mwanawe. Sikuelewa hata neno moja, nikashusha maikrofoni. Akapiga magoti, akalala sakafuni, sauti ikififia. Maman Furaha wa kwaya akaruka na chupa ya maji.

“Yesu! Mutoto, iko anasema nini? Anakufa!”

Watu wote wakanigeukia. Utani nilikuwa nao wa kutosha. Lakini Madame, pale chini, alifungua jicho moja akaniangalia, na jicho lile lilikuwa linaomba.

“Musimuguse, maman,” nikasema. “Iko kazini.”

Maman Furaha akakaa. Kanisa zima likanyamaza mpaka Madame akamaliza kufa, bila haraka yoyote.

Sasa niko darasa la kumi na mbili, na walimu bado wananitoa nje kwa sababu ya mdomo wangu. Madame alihamia kwa binti yake; kiti cha dirishani anakikalia yeyote. Kanisani tuna spika mbili kubwa na mkalimani anayevaa tai, hana chumvi hata chembe. Amina ni nyingi kuliko zamani. Ila kimya kama kile, eish, sijakisikia tena.